Chupa Tisa za Zambarau

Mzambarau wa Chausiku haukujua kiasi. Januari ikiingia, kitongoji kizima pale Sindeni kilitembea na ulimi wa rangi: watoto, walimu wao, hata muadhini, ingawa yeye alijitetea kwamba ile ni dawa ya kikohozi. Mwaka mmoja beberu mweupe wa mumewe alilala chini ya mti huo, manyunyu yakapita, asubuhi akaamka wa zambarau mwili mzima. Mnunuzi wa kutoka Misima akamng'ang'ania akidhani ni mbegu ya ng'ambo. Anayebisha na amuulize beberu.

Ila ukarimu wa mti ule ulikuwa wa siku tatu. Siku ya nne zambarau zilizoanguka zilianza kuchacha. Ya tano, nzi waliita ndugu zao wa Kang'ata. Ya sita, ua ulinuka kama kilabu cha pombe, na mwenye ua alikuwa mtu wa swala tano. Popo nao, wakishashiba, waliyapaka mabati rangi ambayo hakuna aliyeiomba.

"Mama Faudhia," Muhsin, mumewe, alisema mwaka huu, yuko juu ya ngazi na ufagio, "huu mti nimeuvumilia miaka thelathini na mmoja. Wanasema mvumilivu hula mbivu. Mimi nimekula mbovu. Namwita Yordani aukate kwa chensoo yake."

Chausiku alikuwa chini akifagia. Ufagio wake ukasimama. Kila kitu katika ua ule kilikuwa cha Muhsin: nyumba, mbuzi, zizi, hata kinu, maana alikirithi kwa mama yake. Mzambarau peke yake ndio uliokuwa wa Chausiku. Alikuja nao kutoka Kang'ata siku alipoletwa bibi harusi, mche wa majani manne ndani ya kopo la mafuta, ameupakata kama mtoto, wakati wenziwe huja na masanduku.

"Mti wa chakula haukatwi, Baba Faudhia."

"Chakula gani cha siku tatu? Mahindi yanakaa ghalani mwaka. Muhogo ukiuanika unakaa. Hiki chako si chakula, ni uchafu wenye sukari."

"Na kikikaa?"

"Kikae wapi?"

"Kikikaa mpaka Idi ya kuchinja?"

Muhsin alicheka mpaka ngazi ikacheza. Idi ya kuchinja ilikuwa mwishoni mwa Mei, na hapo hata Ramadhani haijafungwa. Akashuka, kwa sababu hakuwa mtu wa kutoa ahadi akiwa juu ya ngazi, akasema mbele ya Mungu na mbele ya mafagio mawili: zambarau zikiiona Idi ya kuchinja zikiwa zinalika, mti hautakatwa maisha yake yote. Zisipoiona, alasiri ya siku hiyo hiyo Yordani atauangusha.

Aliyempa Chausiku ujasiri wa kusema vile alikuwa Grasiana wa Kerenge, kule Korogwe, mke wa mtani wao Bernardo. Mama yake Grasiana alipika miaka mingi jikoni kwa meneja wa shamba la mkonge, na katika jiko lile aliondoka na vitu viwili: macho mekundu ya moshi, na ufundi wa jamu. Ufundi akamwachia binti.

Grasiana akaja Sindeni kwa siku mbili. Zambarau zikaoshwa, zikachemshwa kwa maji kidogo mpaka zikalegea, zikasuguliwa kwenye chujio mpaka zikabaki kokwa tupu. Ikaingia sukari, ikaingia ndimu. Mwiko haukuruhusiwa kupumzika. Kila baada ya muda Grasiana alidondosha tone kwenye sahani ya bati iliyolowekwa maji ya mtungi, akalisukuma kwa kidole. Tone likitiririka, bado. Likikunjamana kama paji la uso la mkwe, tayari. Chupa tisa za midomo mipana, zilizokuwa za asali na siagi ya karanga, zilichemshwa kwenye sufuria lenye kitambaa chini zisigongane, zikajazwa jamu ikiwa ingali inatokota, vifuniko vikakazwa, chupa zikapinduliwa kichwa chini. Zilipopoa na kusimamishwa, zililia moja baada ya nyingine: tk! Kila kifuniko kilivutwa kikabonyea ndani. Hewa haina tena pa kupita.

"Sasa nisikilize," Grasiana alisema, akijifuta mikono ambayo haikufutika. "Hizi chupa ni kuku aliyeatamia. Ukimwinua kila saa kuyaangalia mayai, utayala viza. Ziweke gizani, uzisahau."

Azisahau! Angemwambia abebe mlima wa Usambara kichwani, pengine angejaribu. Chausiku hakuwahi kusahau kitu kilichoko chini ya kifuniko. Wali ukiwa jikoni aliufunua mara kumi. Mahindi aliyoyapanda aliyafukua siku ya tatu kuona kama yameota, akayafukia tena na kuyaomba radhi. Faudhia, bintiye wa mwisho, alizaliwa wiki mbili kabla ya wakati, na wakunga walisema mtoto alichoka kubonyezwa.

Chupa zikaingia kwenye boksi, boksi likaingia chini ya kitanda, kanga juu yake. Siku ya kwanza Chausiku aliinama mara nne. Siku ya tano alijiambia kwamba kuangalia si kugusa. Siku ya saba alijiambia kwamba kugusa si kufungua. Siku ya tisa alifungua.

Ilikuwa tamu. Ndimu ilikuwapo, sukari ilikuwapo, na ule ukakasi wa zambarau ulikaa nyuma kabisa ya ulimi kama mtu mstaarabu. Akaifunga, akaikaza kwa nguvu zake zote, na roho ikatulia mpaka adhuhuri. Adhuhuri ikamjia fikra: hiyo moja ni nzuri, je, nane?

Ramadhani ilipoingia mambo yakaharibika zaidi, kwa sababu sasa aliweza kufungua lakini hakuweza kuonja. Alinusa tu, na pua ya mfungaji ni shahidi wa uongo, kila kitu kwake kinanuka pilau. Ndipo alipomkumbuka Joyceline, mwalimu aliyepanga chumba cha uani, msichana wa Kikristo kutoka Lushoto, asiyefunga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu onja hii uniambie kama imeharibika."

Joyceline alichovya kijiko, akafumba macho. "Mama, sina uhakika."

"Huna uhakika vipi?"

"Ngoja nirudie."

Alirudia. Siku ya pili akarudia na mkate. Kufikia kumi la kati hakuwa bado na uhakika, na chupa mbili zilikuwa tupu. Nyingine, ile ya siku ya tisa, ilikuwa imeota ukungu mweupe kama ndevu za mzee. Na ile aliyoifungua kwa ajili ya kuhakikisha kwamba haijapata ukungu kama mwenzake, nayo wiki ya pili ikaupata.

Siku ya Idi ndogo, wageni wakiwa sebuleni, mlio ulitoka chumbani. Muhsin aliruka, akidhani bati limepasuka. Ilikuwa chupa. Jamu ilikuwa imechacha humo ndani, ikafura, kifuniko kikaruka, kikagonga chaga ya kitanda, kikatoka dirishani, na wanaojua wanasema kilimwangusha kunguru aliyekuwa hana habari. Godoro likawa rangi moja na yule beberu.

"Imeanza kusherehekea mapema," Muhsin alisema mbele ya wageni. "Idi yenyewe si yake." Wageni wakacheka. Chausiku aliinama chini ya kitanda na kuhesabu. Moja nyingine ilikuwa imevimba kifuniko. Zilibaki tatu.

Kuanzia siku hiyo hakukaa kitako. Alianza kufua, akaacha povu. Alikwenda shambani akarudi bila jembe. Usingizini mkono wake ulining'inia kitandani ukipapasa boksi. Mchana aliutazama mti akajiona anaukadiria, kama fundi anavyokadiria mbao, na akajichukia. Faudhia alipiga simu kutoka Korogwe mjini, anakouza duka la dawa. "Mama, umezifungua tena?"

"Nimegusa tu."

"Mama!"

Aprili, Bernardo na Grasiana wakapita na pikipiki. Bernardo alinunua kuku wa kienyeji vijijini, na kila mwezi alifika Sindeni na tenga lake. Babu yake alitoka Tabora kuja kukata mkonge asirudi tena. Kwa hiyo Bernardo alikuwa Mnyamwezi aliyezaliwa Korogwe, na Wanyamwezi na Wazigua ni watani tangu enzi za misafara. Mtani akichukua kitu chako, hukasiriki. Ukikasirika, aibu ni yako. Na mtani haapi. Maneno yake yote huhesabiwa maji.

Grasiana alikwenda moja kwa moja kwenye boksi. Akazipiga chupa tatu mwanga wa simu, kisha akamtazama Chausiku.

"Mwizi wa chupa hizi anavaa kanga yako."

"Najua," Chausiku alisema. "Mkono haunisikii."

"Mpe Faudhia akuwekee."

"Nitamlilia Faudhia siku mbili, ya tatu atanipa. Dada yangu vilevile. Shemeji zangu wataona haya kuninyima." Akafikiri, anazunguka chumba, mkono mmoja kiunoni. Akatoka nje haraka, kanga inaburuta. Bernardo alikuwa anawabishia kuku.

"Bernardo, niibie."

"Eti?"

"Chupa zangu tatu. Niibie uende nazo Kerenge mpaka Idi ya kuchinja. Nikija kuzidai usinipe. Nikilia, nicheke. Wewe ndiye mtu pekee ninayemjua anayeweza kuninyima kitu nikakosa pa kukushitaki."

Bernardo alivua kofia. "Wewe Mzigua, miaka yote natamani kukuibia, leo unanipa ruhusa! Sasa raha iko wapi?" Lakini alizichukua. Alizifunga ndani ya gunia lenye pumba, akaziweka katikati ya majogoo, akaondoka akipiga honi kama aliyeoa.

Chausiku alipata siku mbili za amani. Ya tatu alianza kuwaza: mtu asiyeapa, asiyeaminika hata anapotaja jina lake, ndiye aliyekabidhiwa mti. Wiki ikapita kwa shida. Wiki ya pili aliaga kwamba anakwenda kumjulia hali Faudhia, na Korogwe akashuka garini akapanda bodaboda moja kwa moja mpaka Kerenge.

Bernardo alikuwa barazani, anafunga miguu ya kuku.

"Karibu mtani! Mbona umekonda? Muhsin kaoa?"

"Chupa zangu ziko wapi?"

"Chupa gani? Aa, zile! Moja tulipaka kwenye mnyororo wa pikipiki. Weee! Ilipanda mpaka Bumbuli bila tone la petroli. Ya pili padri aliiona, akadhani divai, sasa hivi inaombewa. Ya tatu nimempa chatu ailinde. Akikuruhusu, chukua."

Chausiku hakucheka. Aliingia ndani bila kukaribishwa, akatazama chini ya vitanda viwili, nyuma ya magunia, kwenye banda la kuku, ambako alidonolewa. Aliingiza mkono ndani ya mtungi.

"Hapo pana samaki," Bernardo alisema mlangoni.

"Bernardo, nakuomba. Nizione tu. Kwa mbali."

"Uliniambia ukilia nikucheke." Na akacheka, ingawa kicheko kilikuwa kifupi.

Chausiku alimgeukia Grasiana, aliyekuwa jikoni anakoroga mboga. Grasiana hakuinua uso. "Dada, nimsikilize yupi? Wewe wa Aprili, au wewe wa leo?"

Alirudi Sindeni na alama tatu za mdomo wa kuku na hana habari yoyote. Akapiga simu kesho yake. Bernardo akamwambia chatu amejifungua. Akapiga tena, Bernardo akamwekea jogoo azungumze naye. Muhsin, aliyekuwa anajua kila kitu kwa sababu nyumba yao haikuwa na dari, alianza kumwonea huruma, na huruma yake ilikuwa mbaya kuliko kejeli. "Mama Faudhia, mbao zake nitakutengenezea kabati." Chausiku akatoka nje akasimama karibu na mti, akarudi ndani, akatoka tena.

Idi ya kuchinja ikafika. Watu walirudi msikitini, mbuzi akachinjwa, pilau likaliwa. Yordani alikuja mapema na chensoo yake begani. Kwa kuwa yeye ni Mkristo, siku ile kwake ilikuwa ya kazi, ila pilau hakulikataa. Aliiegemeza mashine kwenye shina, akajinyoosha mkekani. Alasiri ikaadhiniwa. Barabara ya Korogwe ilikuwa na vumbi, na Chausiku alikuwa ameitazama mpaka macho yakauma.

"Mzee," Yordani alisema, "giza likiingia sitakata. Mti kama huu unataka mwanga."

Muhsin alitazama saa. Alimtazama mke wake, akatazama pembeni. "Ngoja tumalize chai."

Chai ilikuwa imebaki chini kabisa kikombeni pikipiki ilipoingia uani. Bernardo aliendesha, Grasiana nyuma, gunia mapajani mwake. Chausiku alishindwa kusogea. Bernardo akashuka, akavua kofia, na kwa mara ya kwanza tangu waanze kujuana hakuwa na kicheko usoni.

"Zote tatu," alisema. "Hatukuzigusa. Zilikuwa ndani ya sanduku la mama yangu, ufunguo naulalia."

Muhsin akakuna ndevu. "Mtani anasema kweli? Basi uongo uko mahali." Akaokota chupa moja. "Nitajuaje kwamba hizi ndizo? Mke wako ni mpishi. Mmekula zile, mkapika nyingine juzi, mnanidanganya siku ya Idi."

Miaka yote Bernardo alikuwa ameutumia ulimi wake kwa mchezo. Leo aliutaka kwa kazi, haukuwa na thamani.

Chausiku ndiye aliyesogea. "Baba Faudhia, wamepika kwa kitu gani?"

"Kwa zambarau."

"Nionyeshe zambarau moja. Kuanzia mti huu mpaka Kerenge, mwezi huu wa tano. Moja tu, hata bichi, na Yordani awashe mashine."

Muhsin aliinua uso kwenye matawi. Majani matupu. "Labda Grasiana alikuwa na zake za Januari," alisema, sauti imepungua.

"Na kama ni zake za Januari, si zimeiona Idi?"

Yordani alipiga goti lake kwa kofi. "Hapo mzee umefungwa."

"Sijafungwa. Sijaonja." Muhsin alishika kifuniko, akakizungusha. Kilifunguka kirahisi, bila sauti. Ndani, juu ya jamu, ukungu ulikuwa umetandika zulia la kijani.

Muhsin aliishusha chupa taratibu mkekani, na hakuonekana kufurahi. Yordani alinyoosha mkono kwenye mashine.

"Hiyo niliifungua," Chausiku alisema. "Siku ile Bernardo anafunga gunia. Nilisema naiaga. Niliilamba kidogo nikaifunga. Grasiana, nisamehe. Zote sita zilizokufa kabla ya hii niliziua mimi, hakuna iliyojifia. Mbili hizi sikuzigusa, wallahi, na leo ni Idi."

"Zote sita?" Joyceline aliuliza mlangoni kwake.

"Nne mimi. Mbili wewe."

Muhsin aliichukua ya pili. Kifuniko kilikataa. Alikaza meno, kikakataa. Yordani, mwenye mikono ya kubeba magogo, alijaribu mpaka shingo ikavimba. Bernardo alijaribu kwa upindo wa shati. Chausiku alisimama na mikono yote miwili ameibana kwapani, asije akaishika. Mwishowe Muhsin aliingiza ncha ya kisu chini ya ukingo, akainua kidogo.

Tk! Kisha hewa ikaingia kwa mluzi mwembamba, na ua wote, siku ya nyama, ukanuka Januari.

Juu palikuwa peusi panang'aa. Muhsin alimega chapati, akachovya, akatafuna akiwa amewapa mgongo. Alitafuna muda mrefu kuliko chapati ilivyohitaji. Akamega tena. Mara ya tatu hakujisumbua kuwapa mgongo, na kila mtu aliuona ulimi wake.

"Yordani," alisema.

"Naam mzee."

"Lile tawi linaloingia kwenye bati, la popo. Lile tu."

"Lipi?" Chausiku aliruka. "Lipimwe kwanza! Usivuke pale kwenye kifundo!"

Mashine iliwaka, Chausiku akaziba masikio, akazibua, akazunguka shina mara mbili akimwelekeza Yordani kwa vidole asivyovitazama. Tawi likaanguka. Mti ukabaki umesimama, mwepesi kidogo upande mmoja, kama mtu aliyenyolewa. Bernardo, ambaye kicheko kilikuwa kimemrudia, alikuwa tayari anatangaza kwamba chupa ya tatu ni ujira wa chatu.

Muhsin alisogeza sahani yake. "Leta tena kidogo."

Chausiku alikuwa ameshakaza kifuniko, chupa ameikumbatia.

"Subiri Januari," alimwambia. "Mti upo."